Mwalo Uliokataza Salamu

Mama yangu hakutaka mambo makubwa. Hakuwahi kuniomba nimjengee nyumba ya matofali ya kuchoma, wala hakutaka kuhamia kwangu Mkuyuni, Mwanza, ambako alisema watu wanaishi ukuta kwa ukuta na hawajui jirani amelalaje. Alitaka kitu kimoja tu. Akifa, azikwe palepale mwaloni, kwenye kijiji chetu cha wavuvi ufukweni mwa ziwa, kando ya baba, na kaburi lake lichimbwe kwa majembe ya majirani. Si vijana wa kukodi. Alizaliwa kisiwani, Nansio, akavushwa ziwa kuletwa upande huu wa Sengerema akiwa bibi harusi, na kwa imani yake mtu anayezikwa na majirani ndiye aliyefika kweli. Wengine wote ni wageni waliochelewa kuondoka.

Hilo nalisema mapema ili usije ukadhani ninasimulia habari za yule bwana aliyetutawala. Heshima hiyo simpi. Ila siwezi kumsimulia mama bila kumpitia yeye, kama huwezi kusimulia homa ukaacha mbu.

Sekondari tulifundishwa ufashisti. Mwalimu wa historia alitaja Italia, akaandika ubaoni sifa zake nasi tukanakili: kiongozi asiyekosea, adui anayetoka nje, sare, gwaride, nyimbo. Tulijibu mtihani tukapata maksi zetu. Hakuna aliyetuambia kwamba mtu wa namna hiyo anaweza kuwa mcheshi. Wetu alikuwa mcheshi kuliko watu wote niliowahi kuwajua. Hadi leo nikikumbuka baadhi ya maneno yake nacheka, halafu najichukia kwa kucheka.

Alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma. Kwetu Usukumani manju si mtu wa kuchezewa. Anaweza kukuimba uwanjani jioni, na asubuhi mke wako akakutazama vingine. Kila mwaka baada ya mavuno, ngoma za mwalo mmoja zilishindana na za mwalo mwingine. Zinapigwa kwa wakati mmoja, na ngoma inayovuta watu wengi ndiyo imeshinda. Yule bwana alikuwa anavuta watu hadi wapinzani wake wanabaki na wapiga ngoma wao wenyewe. Mama alikuwa mbele kabisa, na vigelegele vyake vilisikika hadi kwenye mitumbwi. Yule bwana alipoimba kuhusu watu wa visiwani alibadili sauti, akaweka r penye l, akauliza kama chakura kimeiva. Watu walianguka kwa kicheko. Mama, mtu wa kisiwani, alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Akaniambia, "Anatujua huyu. Anatupenda."

Kisha zikaanza kuibwa mashine za boti. Mvuvi anaingia ziwani na wenzake, wanatokea watu wenye mapanga, wanaondoka na mashine na nyavu, wanawaacha wakipiga kasia kwa mikono. Watu walikuwa na hasira na hofu, na walikuwa na haki ya kuwa nazo. Sungusungu wetu, ulinzi wetu wa jadi, ulikuwa umelala siku nyingi. Pakaitwa mkutano wa kuuamsha na kuuchagulia kiongozi, ambaye kwetu anaitwa Mtemi. Wazee walikuwa na mtu wao, mpole, mwenye maneno machache. Manju akapanda juu ya kreti la soda akaimba wimbo mmoja mfupi kuhusu mzee mpole anayewabembeleza wezi warudishe angalau tangi la mafuta. Uchaguzi uliishia hapo.

Sitasema uongo: wizi ulipungua. Alipanga zamu, akavaa mgolole mwekundu, shuka la kufunga begani, akawavalisha na vijana, akampa mmoja wao filimbi. Mpiga filimbi huyo alikuwa kijana mrefu mwenye mabega mapana, anayetembea nyuma yake hatua chache kila alikokwenda. Ikanunuliwa spika, ikafungwa kwenye bodaboda, ikawa inapita asubuhi na matangazo. Likafunguliwa na grupu la simu la mwalo mzima. Mama, ambaye simu yake alikuwa anaishika kwa mikono miwili, alinilazimisha nimfundishe kusikiliza sauti za Mtemi. Nilipokuwa nakuja wikiendi nilimkuta ameiegemeza simu kwenye sufuria, anasikiliza hotuba huku anachambua dagaa.

Adui alihitajika, maana wezi walikuwa wachache na wako mbali. Akaanza na familia ya Wajaluo waliojenga nyumba ya pili kutoka kwetu. Mume alikuwa mvuvi, mke alikuwa rafiki wa mama. Walikuwa wakipeana makaa ya moto, chumvi na umbea. Mtemi akatangaza kwamba hao ndio wanaowaonyesha wezi njia. Ushahidi ulikuwa kwamba walipokea simu kwa lugha yao. Akawatenga.

Kutengwa kwetu si neno la mchezo. Ni adhabu ya mababu, na zamani ilikuwa ya wauaji. Aliyetengwa hasalimiwi, na akisalimu haitikiwi. Hauziwi chumvi, hapewi moto, haazimwi jembe. Akifiwa anazika mwenyewe. Na anayemsalimu aliyetengwa, naye ametengwa. Hakuna gereza, hakuna kiboko, hakuna gharama. Mtu anakaa kwake, jua linamwakia, na polepole anakuwa hayupo.

Nilikuwepo siku yule rafiki wa mama alipokuja na kibakuli. Alisimama mlangoni akapiga hodi. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, hatua tatu kutoka alipo, anamenya mihogo. Hakuinua uso. Hodi ikapigwa tena. Nikataka kuitikia, mama akanikamata mkono akanibana kwa nguvu ambazo sikudhani anazo. Yule jirani akatazama ndani, akaona chumvi yetu iko mezani, akageuka akaenda zake. Siku chache baadaye walipakia godoro na watoto kwenye mtumbwi wakaelekea kwao.

"Mama, huyu ndiye aliyekupokelea mtoto wako wa mwisho alipozaliwa," nilimwambia.

"Sheria ni sheria, mwanangu. Kama hakuwa na kosa, Mtemi angejua."

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Baada ya Wajaluo wakaja Wajita, baada ya Wajita akatengwa mwalimu aliyeuliza mapato ya sungusungu, na muuza duka Mhindi aliyekataa kufunga duka siku ya gwaride. Kila mara spika ilipopita, watu walitoka nje kusikiliza, na walipoona si jina lao walirudi ndani na nafuu usoni. Afisa mtendaji alipewa kiti cha mbele kwenye ngoma. Nilipomfuata ofisini kumweleza, alinitazama kwa huruma. "Haya ni mambo ya mila, dada. Serikali haiingilii mila."

Siku moja mama alinipigia. Alisema simu yake imeharibika, grupu halionekani. Nikavuka ziwa kwenda kumtazamia. Simu ilikuwa nzima. Alikuwa ameondolewa. Wakati natafuta njia ya kumwambia, spika ikapita nje ikisema watu wa visiwani wote, waliokuja kwa ndoa na waliokuja kwa uvuvi, wametengwa mpaka uchunguzi utakapokamilika.

Mama akasema, "Ni hao wanaomzunguka. Mwenyewe hajui."

Akaoga, akavaa kitenge chake cha kanisani, akaenda kumweleza. Nilimfuata kwa mbali. Mtemi alikuwa amekaa nje kwake, mpiga filimbi akiwa nyuma yake. Mama akapiga magoti, akamsalimu kwa Kisukuma safi kabisa, Kisukuma cha mtu aliyekizungumza tangu ujana wake. Yule bwana, ambaye mama alimpigia vigelegele mpaka sauti ikakauka, aliinuka, akageuza kiti, akakaa akitazama ukuta wa nyumba yake. Njiani mama akaniambia hakumwona vizuri, jua lilikuwa linampiga machoni. Kulikuwa na mawingu siku ile. Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua niielekeze kwa nani, kwake au kwa mama.

Nilimsihi aje Mkuyuni. Nikamsihi arudi Nansio. "Nansio ananijua nani? Kaka zangu wamekufa wote," akasema. "Nikiondoka, nitakuwa nimekubali kwamba nilikuwa mgeni. Nani atanizika kando ya baba yako?"

Basi akabaki. Kila asubuhi alitoka na ndoo yake akawasalimu watu wote aliokutana nao, nao wote wakapita. Watoto waliofundishwa shikamoo na yeye mwenyewe, maana alikuwa hampi mtoto maembe hadi amwamkie, walivuka upande wa pili wa njia. Siku moja nilikuwa jikoni nikamsikia mlangoni akiitikia, "Marahaba, marahaba." Nikatoka mbio nione ni nani huyo jasiri. Hakukuwa na mtu. Alinitazama kwa aibu akasema mdomo unazoea kazi yake.

Anguko la yule bwana lilikuja kwa njia ileile aliyopandia. Baada ya mavuno, ngoma zikashindanishwa na mwalo wa jirani. Manju wao alikuwa kijana, hana hata ndevu. Akaimba kwamba amesikia kuna Mtemi mkubwa aliyetenga watu wengi hivi kwamba hata jogoo wake anaogopa kuwika alfajiri, asije akawa amemwamkia jirani. Kisha mtu mmoja akachekea puani, akafuata mwingine, na baada ya hapo uwanja mzima. Hata mpiga filimbi alicheka, mabega yakimtikisika. Watu wakaanza kuhama kutoka ngoma yetu kwenda ile.

Aliyekuwa bingwa wa kuchekesha hakujua kuchekwa. Akanyang'anya kipaza sauti, akatangaza kwamba wote waliocheka wametengwa. Alipomaliza kusema, alikuwa ametenga karibu mwalo mzima.

Asubuhi iliyofuata watu wakaamka wakakuta waliotengwa ni wengi kuliko wasiotengwa. Wakaanza kusalimiana. Mwanzoni kwa kunong'ona, kisha kwa kelele, kutoka mlango hadi mlango, mwangaluka, mwangaluka, utadhani ni sikukuu. Nilikuwa kwa mama asubuhi hiyo. Wanawake walikuja kumchukua, wakamkumbatia, wakalia. Mama akaitikia kila salamu mara mbili mbili. Nikikumbuka furaha ya asubuhi ile ninaumia kuliko ninapokumbuka yote mengine.

Kabla ya saa sita walikuwa wamemvua yule bwana utemi. Kijana mrefu, mpiga filimbi wake, aliyecheka akatengwa kama wengine, akasimama mbele na filimbi yake shingoni. Watu wakamwita Mtemi palepale. Amri yake ya kwanza ilikuwa kumtenga mtu mmoja tu, na kila aliyekuwepo alishangilia. Tukaambiwa tupange mstari, tupite mbele ya nyumba ya manju, na kila mmoja akifika mlangoni amgeuzie mgongo. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti chake, mikono magotini. Walipita wazee, wakapita wanawake na watoto mgongoni. Yule muuza duka naye alipita, kwa haraka.

Ilipofika zamu ya mama, akasimama.

"Pita, mama," kijana akamwambia. "Huyu si ndiye aliyekutesa?"

"Ndiye."

"Basi geuka."

"Mimi nilimnyima jirani yangu chumvi," mama akasema. "Alisimama mlangoni pangu na kibakuli. Sigeuki tena."

Sijui kama kulikuwa na mapenzi ya zamani kwa yule bwana ndani ya jibu hilo. Nadhani yalikuwepo, na nilimkasirikia kwa ajili hiyo. Wanawake waliokuwa wamemkumbatia asubuhi wakamsogeza kando, wakamwambia ni kugeuka tu, mama yetu, mara moja, kwani inauma? Akawaambia inauma. Jioni spika ikapita. Ilikuwa bodaboda ileile, na sauti iliyobadilika. Ikasema kuna kibaraka mmoja wa utawala uliopita, mtu wa kisiwani.

Nilirudi kwa afisa mtendaji. Akanikumbuka. Akasema mila ni mila.

Baada ya hapo mama hakuwasalimu tena. Alikuwa na kisukari, na kidonda cha mguu hakikupona. Hospitali ya Sengerema wakamsafisha, wakampa dawa, wakamrudisha. Kila nilipokuja aliniuliza jambo moja tu: "Umesikia wanasema nini? Watakuja?" Nikawa namwambia watakuja. Alikufa mchana, akiwa amelala mkekani uani, akiwaangalia watu wakianika dagaa na wao wasimwangalie.

Mdogo wangu wa kiume alitoka Mwanza mjini na jeneza. Mimi nikaenda kwa Mtemi mpya. Sikuwa na majivuno yoyote. Nilipiga magoti kama alivyopiga mama. Alinisikiliza vizuri. Akasema marehemu hana kosa, mwalo utakuja na majembe yote, wanawake watapika. "Ila sharti ni lilelile," akasema. "Yule mzee haguswi wala hasalimiwi. Ukiheshimu hilo, mama yako ni wetu."

Nikakubali bila kusita. Ningekubali lolote.

Na walikuja. Niseme ukweli, walikuja wote. Asubuhi uwanja wetu ulijaa, wanaume wakavua mashati, wakaanza kuchimba kando ya baba kwa zamu, wakitaniana kama ilivyo desturi ya makaburini. Wanawake waliinjika masufuria makubwa. Mama wadogo wawili wazee waliotoka Nansio, binamu zake mama, walikaa wakishangaa kuona dada yao alivyopendwa. Nilisimama pale na leso yangu nikamwambia mama moyoni: umeona?

Yule bwana alikuja kaburi likiwa limefika kiunoni mwa mchimbaji. Sikuwa nimemwona tangu siku ya mstari. Mke wake alikuwa amemkimbia, meno ya mbele yalikuwa yametoka, na mgolole ule mwekundu ulikuwa umepauka hadi kuwa rangi ya udongo. Alikuwa na jembe begani. Watu wakamfungulia njia bila kumtazama, kama maji yanavyopisha jiwe. Alikuja moja kwa moja hadi nilipo, akasimama mbele yangu, mzee, umri wa baba yangu.

"Shikamoo," nikasema.

Haikuwa huruma, na wala haikuwa ushujaa. Nimeulizwa na mdogo wangu, nimejiuliza mwenyewe, na jibu ni hilohilo. Mzee amesimama mbele yangu, na mdomo wangu umelelewa na mama yangu. Neno lilitoka kabla sijajua liko njiani. Nilitamani kulirudisha, nikafunika mdomo kwa leso, lakini neno halirudi.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Pole kwa msiba."

Nikasikia majembe yakiwekwa chini. Hayakutupwa, yaliwekwa taratibu, moja baada ya jingine. Mchimbaji akatoka kaburini, akajipangusa magoti. Mtemi mpya alinitazama kwa muda, naapa alisikitika, kisha akapuliza filimbi mara moja. Kila mtu akaokota jembe lake akaondoka. Wanawake waliacha ugali jikoni haujaiva, mwiko umesimama ndani ya sufuria. Mmoja aliinama kuokota kanga yake karibu na jeneza, akanong'ona, "Utusamehe, mama." Nadhani alikuwa anamwambia marehemu, kwa sababu mimi hakunitazama.

Tukabaki mimi, mdogo wangu, wale mama wadogo wawili, na yeye. Nilimwambia aondoke. Nilipiga kelele. Nilimwita majina ambayo mama angenipiga kofi kwa kuyasema msibani. Yule bwana aliteremka ndani ya shimo kwa shida, akaanza kuchimba, na kila jembe aliloshusha alipumua kwa sauti.

"Hawa hawakumpenda mama yako," akasema kutoka mle ndani. "Mimi nilimpenda. Alikuwa mtu wa kuja, lakini mtu wa kuja mzuri."

Mdogo wangu akanitazama. Jua lilikuwa limepanda, jeneza liko kivulini chini ya turubai, na hakukuwa na mtu mwingine katika mwalo ule wote ambaye angetushikia jembe. Kwetu mwanamke hachimbi kaburi. Nilikaza kanga kiunoni, nikateremka.

Yule bwana akapima kuta kwa jicho, akasogea pembeni kutupisha. Akasema limechimbwa vibaya, upande wa kichwa umepinda. Akamwonyesha mdogo wangu pa kusimama. Akaniambia nishike jembe mbele zaidi, nisiharakishe, udongo tuutupe kushoto. Sauti yake ilikuwa imerudi kidogo, ile ya uwanjani.

Tukautupa kushoto.